Maswali ya Wasomaji: Kiota Kitupu, Mti Mkubwa na Fundi Mwenye Chenso

Mwezi huu maswali mengi yameangukia kwa ndege wawindaji wa msituni. Sishangai. Mji unazidi kusogea: Kisarawe, Pugu, Kibamba, kila mahali mtu anaweka msingi, na mara nyingi anakuta ndege alishajenga kabla yake. Naanza na ndugu yetu wa Kisarawe kwa sababu swali lake lina haraka, kisha nitapita kwa wengine. Aliyeniuliza kuhusu kware wa kufuga anivumilie hadi toleo lijalo.

Tai wamehama, au watarudi?

*Shikamoo mama. Nimenunua kiwanja upande wa Kisarawe, kinateremka hadi kwenye kijito na nyuma yake ni msitu. Huko bondeni upo mti mmoja mkubwa sana, na kwenye panda yake kuna rundo la vijiti ukubwa wa kitanda. Wenyeji wanasema ni nyumba ya tai mwenye kishungi, yule anayekula kima. Mwaka jana walimwona kinda mle, mwaka huu kiota kitupu. Fundi anataka mti ukatwe kabla ya kuweka msingi, anasema mizizi itasumbua. Je, tai wamehama? Na wakihama si watapata mti mwingine? Miti ipo mingi.* (Baba wa watoto watatu, Kisarawe)

Marahaba, mwanangu. Mwambie fundi aweke chenso chini kwanza, tuzungumze.

Kiota kuwa kitupu mwaka huu hakuonyeshi kwamba wenyewe wamehama. Tai mwenye kishungi hana haraka kabisa katika uzazi. Jike hutaga yai moja au mawili, huatamia kwa siku 50 hivi, na dume ndiye anayemletea chakula. Mayai yote mawili yakianguliwa, kinda aliyetangulia humshambulia mdogo wake mpaka afe, kwa hiyo anayekua ni mmoja. Huyo hukaa kiotani miezi mitatu na nusu au zaidi kidogo ndipo aruke. Akisharuka bado hajui kuwinda, na wazazi wanaendelea kumlisha miezi 9 hadi 11 mingine. Jumlisha mwenyewe: ni zaidi ya mwaka mzima kwa kinda mmoja. Ndiyo maana kwa kawaida wanataga mara moja tu katika miaka miwili. Kama wenyeji walimwona kinda mwaka jana, basi mwaka huu huenda yuko msituni nyuma ya kiwanja chako, analia njaa na kusubiri mzazi arudi na nyama. Wakimaliza kumlea, wazazi watarudi kwenye panda ile ile, watapandisha vijiti vipya juu ya vya zamani, na jike atataga tena.

Hilo rundo la ukubwa wa kitanda nalo lina historia yake. Kiota kipya huweza kuwachukua tai hawa hadi miezi mitano kukijenga. Cha zamani wanakikarabati tu, na kila ukarabati unaongeza tabaka, mpaka kinafikia upana wa mita mbili na zaidi na kimo cha kumzidi mtu mzima. Leslie Brown, aliyewafuatilia tai wa Kenya kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita, alishuhudia ndege wakibadilika huku kiota kikibaki pale pale: mmoja akifa, mwingine anaingia, na kazi inaendelea. Kwa hiyo kiota ulichokikuta hapo kinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko hati ya kiwanja chako.

Sasa umeuliza jambo ambalo ndilo kiini cha yote. Kwa nini mti ule, wakati miti ipo mingi?

Anza na panda yenyewe. Lile rundo likilowa mvua ya masika ni zito mno. Juu yake anakaa jike anayeweza kufika kilo nne, kinda anayepiga mbawa akijifunza kuruka, na mzoga wa paa. Haliwezi kushikwa na tawi moja lililolala. Linahitaji mahali ambapo shina linagawanyika matawi matatu au manne manene kwa pamoja, yakilikumbatia kutoka chini na pembeni. Mti mchanga hauna panda ya namna hiyo. Inamchukua mti miaka mingi sana kuifikia, na katika msitu mzima wenye panda hiyo ni wachache.

Halafu kuna kivuli. Kinda anaangua akiwa na manyoya mepesi meupe, na jua la saa sita mchana la pwani hii linaweza kumuua. Tai mwenye kishungi kwa kawaida hajengi kileleni. Anajenga ndani, chini ya mwavuli wa majani, kwenye panda kuu. Lakini hapo ndipo panapotokea ugumu, kwa sababu ndege huyo ana mbawa zinazofika mita moja na nusu na zaidi zikitandazwa. Ni fupi na pana kwa tai wa ukubwa wake, na mkia wake ni mrefu, umbo la kukata kona katikati ya miti. Hata hivyo anapobeba kima mkononi hawezi kupenya vichaka. Anahitaji njia ya kuingilia iliyo wazi. Ndiyo maana kijito, mteremko au uwazi wa msituni una thamani kubwa kwake. Kwako sijafika, lakini hebu simama asubuhi moja upande wa juu wa kiwanja. Nitashangaa usipoona kwamba panda ile iko karibu na usawa wa macho yako, na kwamba kati yako na kiota pana uwazi juu ya maji. Hapo ndipo anapopita akirudi na mzigo.

Bonde nalo lina mengi. Udongo wake ni mnene na una unyevu, hivyo miti mikubwa ndiko inakokuwa. Upepo wa kusi haufiki kwa nguvu. Wanyama wanateremka kunywa. Watafiti wanapata shida kutenganisha ni lipi kati ya hayo tai analolipa uzito zaidi, kwa sababu yote yanakuja pamoja. Mimi naamini umbo la mti ndilo linalotangulia, na sababu yangu iko Durban, Afrika Kusini. Tai hawa hawa wanaishi ndani ya jiji lile, katika mabonde ya msitu yaliyoachwa katikati ya nyumba, na viota vyao vingi viko juu ya mikaratusi, mti wa kupandwa uliotoka Australia. Mkaratusi ule ni mrefu kuliko miti ya asili iliyobaki, una panda nene, na umesimama bondeni. Tai hakujali umetoka wapi. Lakini angalia pia kwamba msitu wa asili uko chini yake na pembeni yake, ndimo anamowinda pimbi na ndege wakubwa. Ungempa mkaratusi huo huo katikati ya uwanja wa mpira asingeutazama mara mbili.

Kuna na suala la shina. Matawi yakianza juu sana, na shina likiwa laini, kanu na nyoka wanapata taabu kupanda. Na kuna majirani. Jozi ya tai ina himaya yake na inailinda kwa sauti: dume hupaa juu ya msitu, anapanda na kushuka angani huku akipiga kelele zinazosikika mbali. Mti mzuri ulio ndani ya himaya ya mwingine kwake ni kama haupo. Sasa toa miti michanga, toa isiyo na panda, toa iliyo wazi kwa jua, toa isiyo na njia ya kuingilia, toa iliyo kwa jirani. Ile "mingi" uliyoitaja imebaki mingapi?

Nimepita sehemu za Pugu na Kazimzumbwi ambazo kwa mbali ni kijani kabisa. Ukipiga picha ukiwa barabarani utasema msitu umejaa. Ukiingia ndani, ni vichaka na miti ya unene wa mguu, iliyochipua baada ya wachoma mkaa kupita. Kima wamo, ndege wadogo wamo, paa mmoja mmoja yumo. Panda ya kubeba kiota cha tai hakuna. Hilo linaniuma kuliko hata kisiki kibichi, kwa sababu kisiki watu wanakiona na kupiga kelele, lakini msitu wa kijani usio na mti mzee hakuna anayeulilia. Tai mwenye kishungi tayari yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege wanaokaribia kuwa hatarini, na hasara ya miti ya namna hii ni sehemu ya sababu.

Unawezaje kujua kama kiota bado kina mwenyewe? Tazama chini. Nilipokuwa kazini kwenye misitu kulikuwa na mti mmoja ambao tukipita doria nilipenda kusimama kwenye shina lake. Ukiinua kichwa huoni kitu, ni weusi wa vijiti tu. Ukiinamisha macho unasoma kila kitu. Majani ya vichaka yametapakaa kinyesi cheupe. Kwenye majani makavu, taya la pimbi lenye meno yote, mfupa wa paja uliovunjwa katikati, na mkono wa kima ambao kucha zake nyeusi bado zilikuwa na ngozi. Na juu ya uchafu huo, tawi moja bichi, lililonyofolewa vizuri, majani hayajaanza kunyauka. Lilikuwa limedondoka asubuhi ile ile kutoka ukingoni mwa kiota. Tawi bichi ni dalili kubwa, kwa sababu jozi inayojiandaa kutaga hupeleka majani mabichi kiotani. Ukiyaona, wenyewe wapo. Usipoyaona mwaka huu, subiri mwaka mwingine kabla hujasema wamehama.

Usimtume kijana apande kuchungulia. Jike wa tai huyu hamwogopi binadamu akiwa na yai au kinda. Atakushukia kwa nyuma, na kucha zake zinatosha kumuua paa.

Kuhusu ujenzi, fundi wako ana hoja juu ya mizizi, ila jibu lake ni kusogeza nyumba. Panda nayo juu ya mteremko. Bonde la maji si mahali pa msingi hata pasipo na tai, watu wa Jangwani na Msimbazi watakusimulia. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo uliza kabla hujamwaga zege. Acha mti, na uache pia miti iliyouzunguka. Mti mmoja uliobakizwa peke yake katikati ya uwanja uliofyekwa umeshapoteza kivuli cha pembeni, kinga ya upepo na utulivu. Kazi za kelele zifanyike kipindi ambacho hakuna yai wala kinda mdogo. Nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), uwaeleze ulichonacho. Na vifaranga wako, siku utakapohamia, uwajengee banda lenye wavu juu.

Kwa nini anavunja tawi bichi?

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Temeke. Likizo nilikuwa kwa bibi Muheza, nikaona kipanga anavunja tawi lenye majani mabichi na kuruka nalo kwenda kwenye kiota. Kwa nini asichukue kavu? Mwalimu wa bayolojia amesema nikuulize.*

Marahaba, na umsalimie mwalimu wako. Umeona jambo ambalo wataalamu bado wanabishana juu yake, na ni vizuri ujue hoja zote.

Vijiti vikavu ndivyo ukuta na sakafu. Majani mabichi ni matandiko, na yanabadilishwa mara kwa mara, hata baada ya kinda kuangua. Hoja ya kwanza ni wadudu. Kiota chenye mabaki ya nyama kinavuta nzi, funza, kupe na viroboto, na baadhi ya majani yana harufu au utomvu unaowafukuza, kama bibi yako anavyotia majani ya mwarobaini ghalani mahindi yasibunguliwe. Nchini Hispania walichunguza viota vya tai wa Bonelli wakakuta vile vyenye matawi mengi ya msonobari vilikuwa na funza wachache. Hoja ya pili ni usafi wa kawaida: majani yanafunika mabaki na kinyesi, kinda halali juu ya uozo. Hoja ya tatu ni tangazo. Tawi bichi ukingoni linamwambia tai mwingine anayetafuta mahali kwamba hapa pana mtu. Nilimwambia ndugu wa Kisarawe hapo juu atafute matawi hayo hayo chini ya mti wake. Kama sisi tunaweza kuyasoma, ndege wenzake wanayasoma vizuri zaidi.

Hoja hiyo ya tatu ina ushahidi mzuri kutoka kwa ndege asiye wa msituni, mwewe mweusi. Katika hifadhi ya Doñana, Hispania hiyo hiyo, watafiti walitangaza mwaka 2011 kwamba mwewe wanapamba viota kwa vipande vya plastiki nyeupe, na wenye nguvu zaidi ndio wanaopamba sana. Walipoongezewa plastiki wale dhaifu, waliiondoa wenyewe, kwa sababu pambo kubwa linawaita wapinzani kuja kupima nguvu. Mimi naona hoja zote tatu zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Ukirudi Muheza, jaribu kutambua mti ambao tawi limevunjwa. Kama kila mara ni mti ule ule wakati mingine iko karibu zaidi, andika kwenye daftari, hilo ni jambo la maana.

Kipanga wa mwembeni

*Mama, habari za kazi. Tuko Mikocheni. Kwenye mwembe wetu kuna kipanga mwenye macho ya njano na kifua cha mistari ya hudhurungi. Kila alfajiri analia "kwit!" akizunguka juu ya mtaa. Mwaka juzi alijenga kwa jirani, sasa kaja kwetu. Nilidhani hawa ni wa msituni. Mume wangu anataka kupunguza matawi. Tufanyeje?* (Mama wa Mikocheni)

Salama kabisa, dada. Ni wa msituni kweli, na kwa alama ulizonipa namtambua. Dume ndiye anayelia alfajiri akizunguka, ni mlio mmoja mmoja wenye nafasi katikati. Jike ni mkubwa kuliko yeye kwa mbali, usije ukadhani ni ndege wa aina nyingine.

Amekuja mjini kwa sababu mitaa ya zamani yenye miembe, mikwaju na bustani imempa anachokitafuta: jani zito mwaka mzima na njia za kupita chini ya matawi. Anakula ndege wadogo, mijusi na panya. Mwembe wako una sifa moja kubwa kuliko zote, nayo ni giza. Hapa Dar es Salaam adui wa kila kiota ni kunguru, hawa waliotoka Bara Hindi, wakaingizwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye wakavuka kuja bara. Wanakula mayai na makinda, na wakimwona kipanga wanamwandama kwa kundi mpaka aondoke. Kiota kilicho kwenye mti mwepesi wa majani hapa mjini hakimalizi wiki. Ndiyo maana kajificha karibu na shina, ndani kabisa ya mwembe. Mumeo akipunguza matawi sasa, hata asipokigusa kiota, atakuwa amewafungulia kunguru dirisha.

Hutaga mayai mawili au matatu. Kuatamia ni wiki tano hivi, na makinda yanahitaji karibu wiki tano nyingine. Naomba mumeo avumilie miezi miwili na nusu, kisha akate atakacho, ila abakize kivuli cha katikati.

Kuhama kutoka kwa jirani kuja kwenu ni kawaida. Ndege wawindaji wengi wana kiota zaidi ya kimoja ndani ya himaya moja. Cape Town yuko kipanga mweusi mkubwa ambaye bata bukini wa Misri humnyang'anya kiota mara kwa mara. Jozi nyingi pale zina viota vya akiba, na zikinyang'anywa kimoja zinahamia kingine. Jirani yako naye asikate wa kwake.

Msufi wa Amerika

*Nimeona kwenye runinga tai mkubwa sana wa Amerika ya Kusini amejenga kwenye mti ambao naapa ni msufi, kama wa hapa Kigamboni. Nimekosea?* (Msomaji wa Kigamboni)

Hujakosea. Ni msufi ule ule wa kujazia mito na magodoro. Asili yake ni Amerika ya joto na Afrika Magharibi. Huku kwetu umepandwa. Tai uliyemwona ni harpia, anayepatikana kutoka kusini ya Mexico hadi kaskazini ya Argentina, na msufi ni mmoja wa miti anayoipenda sana. Unaota ukapita miti yote, shina limenyooka, na matawi ya kwanza ni mazito yakiwa yametanda kwa mapana.

Tofauti yake na tai wetu mwenye kishungi inanivutia. Wote wanakula wanyama wa mitini, wote wanalea kinda mmoja kwa muda mrefu, na harpia huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kutaga tena. Lakini harpia anajenga kwenye mti unaochomoza juu ya msitu, wenye matawi yaliyo wazi, anaingia na kutoka angani bila kugusa jani. Wetu anajificha chini ya mwavuli. Wamefika kwenye mti mkubwa kwa sababu zinazotofautiana kidogo, na wote wanapata hasara ile ile mvuna mbao anapoingia, kwa kuwa mti ulionyooka na kunenepa ndio anaouanza.

Bundi kwenye tundu la mti

*Shikamoo. Nyuma ya nyumba yetu Mbezi kuna mti mkongwe wenye tundu, na bundi wawili wanaitikiana usiku. Jirani anasema ni uchuro, mti ukatwe. Mama mkwe naye kaanza kuogopa.* (Kijana wa Mbezi)

Marahaba. Mpe mama mkwe salamu zangu, na umweleze hivi: wanaitikiana kwa sababu ni mume na mke. Bundi wa msituni wa kwetu, mwenye macho meusi na asiye na pembe za manyoya kichwani, huimba hivyo, mmoja anaanza na mwingine anajibu. Chakula chake kikubwa ni wadudu, na panya pia.

Bundi huyu hajengi. Hapandishi kijiti hata kimoja. Anategemea tundu ambalo tawi lilivunjika zamani na moyo wa mti ukaoza, na jike anataga juu ya unga wa mti ulio ndani. Tundu la kumtosha linapatikana kwenye mti mzee tu, tena ule ambao watu wanauita mbovu na kuutaka uondoke. Hali yake ni ngumu kuliko ya tai, maana tai akibomolewa anaweza kuanza upya akipata panda, bundi hana namna ya kujitengenezea tundu.

Kama mti unaegemea nyumba na una hatari ya kweli, mwite mkata miti mzoefu apunguze matawi ya upande wa paa tu na aache shina lenye tundu. Kama hauegemei popote, uacheni. Jirani akija tena na maneno ya uchuro, mkaribishe kwenye baraza saa moja jioni, bundi wanapotoka, awatazame mwenyewe. Wengi niliowakalisha hivyo hawakuzungumzia tena kukata.